Ufunguo wa Mwenye Eda

Jumaamosi, 5 Mfunguo Sita

Mvua ya kwanza ya masika imeshuka leo na dari la chumba cha Rawiya linavuja pale pale palipovuja mwaka jana. Nimetega beseni. Fundi wa chokaa aliniapia kwa jina la mamaake kuwa halitovuja tena. Mungu amrehemu huyo mama, maana mwanawe muongo.

Mimi skuli sikwenda. Nilisoma chuo cha Kurani nikakhitimu, na herufi za Kiarabu ndizo nnazoandikia Kiswahili changu. Nnaandika kwa sababu nyumba imekuwa kimya. Mjukuu wangu Rawiya yumo eda. Mumewe, Saud, kafa mwezi uliopita kwa homa iliyompanda kichwani, hata mwaka wa pili wa ndoa hawakuutimiza. Rawiya nimemlea mimi tangu mamaake alipofariki, kwa hivyo kaja kukalia eda kwangu, hapa Sokomuhogo. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hatii manukato, haonani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Mimi ndiye mlinzi wa mlango. Kazi hiyo naiweza.

Jumaane, 8

Kaja Khairiya, shoga yake Rawiya. Mtoto wa Makunduchi, kapanga chumba Ng'ambo, anakaa mapokezi katika nyumba ya wageni ya Vuga. Wote wawili wanamtumikia Mzee Azzan, mwenye nyumba tatu za wageni hapa mjini: Vuga, Shangani na Kiponda. Kazi ya Rawiya ni intaneti ya wageni. Katika kila nyumba pana kisanduku chenye pembe na taa, wanakiita ruta, na mitandao yote ya wageni hupita humo kama maji ya mtaa mzima yanavyopita kwenye bomba moja. Kisanduku kikilala, wageni wanapiga kelele.

Mzee Azzan kaagiza hivi. Rawiya akiweza kuvisimamia visanduku huku yumo ndani, kazi ni yake. Asipoweza, atatafuta fundi mwengine kabla ya wageni wa Juni. Na sharti lake ni moja: ufunguo wa visanduku asiujue mtu ila Rawiya na Khairiya. Ukitoka nje ya hao wawili, basi.

Nikamwambia Khairiya bila ya kuzunguka kuwa mwenye eda hafanyi kazi, anakaa akamwombea mumewe. Rawiya, ambaye tangu maziko alikuwa akinijibu kwa kichwa tu, akasema, "Bibi, nikiutazama ukuta namwona Saud. Nikiitazama kompyuta simwoni mtu. Niache nisimwone mtu."

Nikenda jikoni.

Ijumaa, 11

Mvua. Khairiya kaleta kitabu kinene cha mtihani wa ufundi wa mitandao, na kompyuta ya kupakata. Wamekaa chini mkekani mpaka alasiri. Nimewapikia muhogo wa nazi. Wamekula wote, sahani safi.

Jumaatatu, 14

Leo nimekaa nao nikichagua mchele, na nimesikia mengi. Kumbe visanduku hivyo vinatoka kiwandani na neno la siri moja, na neno lenyewe limechapwa kwenye kitabu chake, na kitabu kinauzwa dunia nzima. Nikasema huyo ni sawa na seremala anayeuza milango ya mji mzima kwa ufunguo mmoja. Khairiya akasema, "Bi Jokha, wewe mtihani ungeupasi kabla yetu."

Basi kwanza wanaling'oa neno la kiwandani. Kisha wanaangalia njia ya kukiingilia kisanduku kutoka mbali. Ipo njia ya zamani ambayo neno lako la siri linapita barabarani kichwa wazi, aliyesimama njiani analisoma. Na ipo njia mpya, neno linakwenda limejifunika gubigubi, hata anayelibeba halijui. Ile ya zamani wameifunga. Halafu wamekiamrisha kisanduku kisimfungulie anayebisha kutoka nje isipokuwa anayetokea nyumba hii. Na ukimaliza uhifadhi, usipohifadhi umeme ukikatika kinasahau yote uliyokifunza. Kwa umeme wetu huu, nikawaambia, msivute hata pumzi kabla ya kuhifadhi.

Likabaki neno jipya. Rawiya alitaka jina la Saud na siku ya harusi. Khairiya akamkataza, kasema kila anayekujua atalikisia. Nikadakia mimi. Nikawaambia watie viungo vya pilau yangu kwa kufuatana kama ninavyovitia, maana kile cha mwisho hakuna mwanamke wa mji huu anayekitia. Wakatazamana, wakaandika, na kompyuta ikakubali. Hapa sitoliandika. Rawiya alitabasamu, na mimi nikajiona na mimi nimo katika kazi.

Alkhamisi, 17

Beseni limejaa mara mbili. Paka kazaa juu ya majamvi ya msiba.

Jumaapili, 20

Leo Rawiya kajifungia nje. Alikuwa akikipangia kisanduku cha Vuga nani aruhusiwe, akaikosea nambari ambayo kisanduku kinaijulia nyumba yetu, na kisanduku kikatii kama askari. Kikamkataa kila mtu, na yeye mwenyewe kikamkataa. Khairiya yuko kwao Makunduchi. Rawiya akashika kichwa, machozi yakamtoka. Kisha akatulia akasema hajahifadhi. Mtu akikizima kisanduku akakiwasha, kitayasahau yale makosa na kurudia ya jana.

Nikamwuliza nani atakwenda. Akanitazama. Nikavaa buibui.

Vuga nimefika nimerowa mpaka mifupa. Mlinzi akaniuliza nataka nini, nikamwambia nimekuja kumlaza mtoto na kumwamsha. Kisanduku kimewekwa juu ya kabati, vumbi kama unga wa sembe. Nikakipangusa kwa ukaya wangu wa kichwani, nikachomoa waya, nikasoma Alhamdu kwa utulivu, nikauchomeka. Taa zikaanza kuja moja moja. Niliporudi nyumbani Rawiya keshaingia, keshasahihisha, keshahifadhi. Akanikumbatia na maji yangu yote. "Bibi, wewe ndiye mikono yangu."

Nimekunywa chai ya tangawizi. Mgongo unauma, na nimefurahi.

Jumaane, 22

Jirani yangu Bi Hind kapita na kikapu chake, kakaa barazani bila ya kuitwa. Anasema mtaa unazungumza. Mjane anasikika dirishani anaongea na walinzi wa mahoteli, mara kacheka, mara kakemea. "Eda za siku hizi zina simu," kaniambia. "Sisi tulipokaa eda hata jogoo hatukumsikia."

Nikamjibu kuwa yeye hakumsikia jogoo kwa kuwa mwenyewe alikuwa akipiga kelele. Kaondoka amenuna. Lakini maneno yake hakuondoka nayo, kayaacha barazani pangu, na nimeyakalia siku nzima.

Ijumaa, 25

Muhiddin kaja baada ya sala ya Ijumaa. Huyu ni ndugu yake Saud, anatengeneza kompyuta dukani kwake Ng'ambo. Kila Ijumaa huleta samaki na mchele, kwa sababu ndivyo ilivyo, ndugu wa maiti humbebea mjane mzigo mpaka atoke eda. Hukaa barazani, nami hukaa kwa ndani ya mlango. Rawiya huwa juu.

Leo kanambia kwa upole kuwa na yeye kayasikia ya mtaani. Kasema, "Bi Jokha, kazi ile nipeni mimi nimshikie mpaka atoke. Ni haki ya marehemu juu yangu. Yeye apumzike na aombe dua." Akaniuliza kama ninalijua neno la kuingilia.

Ningeweza kupanda ngazi nikamwuliza mwenyewe. Ngazi ni ile ile nnayopanda kila siku. Nikajiambia mwenye eda asisumbuliwe. Nikajiambia huyu si mtu wa nje, ni damu ya Saud. Nikamtajia viungo vyangu kimoja baada ya kimoja, na cha mwisho nikamtajia mara mbili maana hakukitarajia.

Akashukuru, akaenda zake. Nikajiona mtu mwema.

Jumaamosi, 26

Sikumwambia Rawiya. Nitamwambia kesho.

Jumaatano, 30

Mvua kubwa. Sikumwambia. Anafanya kazi kama kawaida na visanduku vinamtii, kwa hivyo pengine Muhiddin hajafanya kitu.

Jumaane, 6 Mfunguo Saba

Mzee Azzan kapiga simu saa ya chai. Rawiya alimweka sauti ya nje kwa kuwa alikuwa anafunga nyaya, na mimi nikamsikia. Ana sauti ya mtu aliyetoka kulia. Kuna mama wa Kizungu, mgeni wake wa Vuga, alitaka kutazama safari yake ya ndege, watoto wake wamemzunguka. Kisanduku kikamfungulia picha za uchi. Akajaribu tena, uchi. Kisha Shangani vile vile, na Kiponda vile vile. Mzee yule kila Alkhamisi anasomesha maulidi katika ukumbi wa Kiponda.

Rawiya aliingia Vuga kwa neno lake na kisanduku kikamkubali. Akawa anasoma yaliyomo na rangi inamtoka. Njia ya zamani, ile ya kichwa wazi, imefunguliwa. Mlango wa nje umeachwa kwa kila anayebisha. Na limeongezwa jina jipya la kuingilia, neno lake la siri ni moja mbili tatu nne. Wabishaji wametoka nchi ambazo hata yeye hazijui, na mmoja wao kaingia, akakielekeza kisanduku kiwapeleke wageni anakotaka yeye. Kutoka Vuga wameingia na kwengine.

Kafunga yote mpaka magharibi. Kafuta jina, kafunga njia, kabadilisha neno, kahifadhi. Neno jipya sikulisikia, nilikuwa nimesimama jikoni nimeshika bati la jiko, najua la zamani lilitokea wapi.

Alkhamisi, 8

Hii ndiyo siku yenyewe, na nitaiandika yote ijapokuwa mkono hautaki.

Kisanduku huweka kumbukumbu. Kila anayeingia kinamwandika, saa gani na kompyuta gani na kwa neno la nani. Rawiya kaisoma kumbukumbu ya Vuga. Yule aliyefungua mlango aliingia Ijumaa ile ile aliyokuja Muhiddin, wakati wa alasiri, kwa neno la Rawiya, akitumia kompyuta ya mapokezi. Kompyuta ya mapokezi ni ya Khairiya.

Mzee Azzan kishamsimamisha Khairiya kazi. Mchana Khairiya akaja hapa, miguu ina matope mpaka magotini. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akapanda. Nikamfuata na kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Rawiya hakuinuka. Alimwuliza nini alichokifanya Ijumaa ile alasiri. Khairiya akasema alikuwa akisali, chumba cha nyuma, na mapokezi paliachwa wazi kama kila siku. Kasema anaapa kwa msahafu.

"Basi mtu alikaa kwenye kiti chako akalijua neno langu," Rawiya akasema. "Neno lile tunalijua wangapi, Khairiya? Wawili."

Khairiya akanigeukia. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayemwangalia mwenziwe amefika mlangoni na anangojea aingie. Mimi nilikuwa na sinia mkononi. Vikombe vikawa vinagongana na nikavituliza kwa kidole.

Akarudi kumtazama Rawiya. Akasema, "Wawili."

Tulikuwa watatu. Alijua tulikuwa watatu, yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika neno nililolitaja mimi. Mtoto wa watu, kalelewa kuwa mkubwa hasutwi mbele ya mjukuu wake, nyumbani kwake, na sinia lake mkononi. Akaumeza ukweli ili mimi nibaki mkubwa. Na mimi nikamwacha aumeze.

Rawiya kamwambia asije tena. Khairiya akateremka ngazi. Mlangoni akaniaga kwa adabu ile ile.

Sasa nihesabu makosa yangu au nihesabu sababu zangu? Sababu ninayo moja na ni nzito. Mzee Azzan kasema ufunguo ukitoka nje ya wale wawili, basi. Nikisema ni mimi, Khairiya atarudi mapokezi na Rawiya atarudi ukutani kumtazama Saud. Nisiposema, Khairiya kapotea na Rawiya yuko salama. Ndivyo nilivyojipangia tangu alasiri, na kila nikipanga nasikia vikombe.

Ijumaa, 9

Mvua tu.

Jumaapili, 11

Muhiddin kaja siku isiyokuwa yake. Samaki kawaleta vile vile. Kaniambia yote kwa sauti ya chini. Alikwenda Vuga Ijumaa ile, akakuta mapokezi hapana mtu, akaingia kwa neno nililompa. Akafungua mlango wa nje ili aweze kuvisimamia visanduku kutoka dukani kwake, asilazimike kuja mjini na mvua hii. Neno akaliweka jepesi asilisahau. "Nilitaka kumsaidia, wallahi. Sikujua kama dunia nzima inabisha."

Alifahamu kuwa amenaswa mtoto wa watu. Lakini fundi wa kompyuta aliyeacha mlango wazi, nani atampa kompyuta yake tena? Kanisihi tunyamaze, la mwezi huu litapita na mwezi wake.

Nilinyoosha mkono nikapokea samaki. Hilo ndilo jibu nililompa, na yeye alilifahamu, maana aliondoka akipumua.

Samaki nimempa paka.

Jumaatano, 14

Ukuta wa nyuma wa Bi Hind umeanguka kwa mvua. Hakuumia mtu. Nimempelekea uji, tumepatana.

Jumaamosi, 17

Mzee Azzan kamuuliza Rawiya kwenye simu kama kuna mtu mwengine katika nyumba yetu aliyewahi kulisikia neno. Nilikuwa nasuka ukili karibu naye. Rawiya akajibu kuwa yupo bibi yake tu, na bibi yake ni ukuta. "Hata mimi nikitaka siri yangu mwenyewe kwake siipati."

Alisema kwa fahari. Nimemlea mimi, najua fahari yake inavyosikika. Nimeufumua ukili wote niliousuka leo.

Zamani nikimwona Khairiya nilikuwa nikisema moyoni, mtoto wa shamba huyu, ana bahati kupata shoga wa mjini. Leo nimekaa nikamfikiri na sikuona wapi mimi nimemzidi.

Jumaatatu, 19

Tumesali magharibi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma yake kidogo kwa sababu ya magoti nasali nimekaa. Akainua mikono. Akamwombea Saud, nikaitikia amin. Akamwombea mamaake, amin. Kisha sauti ikabadilika. Akasema, Mola wangu, aliyenifanyia haya na mimi nimo eda, aliyeniingizia uchafu katika kazi ya mikono yangu, mlipe wewe, nami nisimwone akicheka.

Akangoja amin yangu.

Nimeomba dua maisha yangu yote na sijawahi kuona amin inayokataa kutoka. Nikasema, "Usiimalize dua hiyo, mwanangu. Unaniombea mimi."

Akageuka, mikono bado iko juu. Nikamwambia yote, sikupunguza. Muhiddin, baraza, viungo. Nikamwambia na hili ambalo sikuliandika hapa kwa kuwa nililificha hata kwa kalamu: sikumpa Muhiddin neno ili kukupumzisha. Nilimpa kwa sababu ya Bi Hind. Nilitaka kazi ikutoke mkononi taratibu, bila ya ugomvi, ukae kama tulivyokaa sisi, mtaa useme mjukuu wa Jokha kakaa eda. Nilikuona unapona kwa kitu nisichokupa mimi, na nikakinyang'anya.

Aliteremsha mikono. Akauliza swali moja. "Khairiya alijua?"

Nikasema alijua tangu siku ile, na alisema wawili.

Akaukunja msala wake, akaniacha nimekaa kwenye wangu.

Jumaatano, 21

Hasemi na mimi. Chakula anakula, maana najua angekiacha ningekufa, na yeye analijua hilo. Hiyo ndiyo huruma aliyoniwekea.

Jioni alisimama mlangoni mwa jikoni. Akasema yeye hawezi kutoka, eda imemshika, kwa hivyo maneno haya atayapeleka aliyeivunja amana. Kwanza kwa Khairiya, aliyerudi kwao Makunduchi. Kisha kwa Mzee Azzan. Nikamkumbusha sharti la Mzee Azzan, kuwa kazi yake itakwenda. Akasema, "Na iende. Mimi siwezi kukaa kwenye kiti chenye mtu chini yake."

Alkhamisi, 22

Asubuhi nilikwenda Ng'ambo dukani kwa Muhiddin. Wateja wapo. Nikamwambia mbele yao, chukua gari tunakwenda Makunduchi. Akaona uso wangu, akafunga duka.

Njia nzima mvua. Tulimkuta Khairiya kwao, kakaa ukumbini na mamaake, wanafunga kamba za mwani. Mama yule akanikaribisha kwa heshima, akanitandikia jamvi jipya. Hakujua nini nimekuja nacho. Mtoto hakumwambia ila kazi imekwisha. Nikakataa jamvi. Nikakaa sakafuni nikasema mbele ya mamaake kuwa mwanawe hakukosa, aliyekosa ni mimi, na Muhiddin huyu aliyesimama mlangoni kama nguzo. Muhiddin akasema ni kweli. Mama akaiacha kamba.

Khairiya aliendelea kufunga mpaka fundo lake likakamilika. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakunitaja.

"Ningekutajaje, Bi Jokha? Wewe mkubwa," akasema. "Heshima ile nilikupa mimi. Nilidhani sitofika hata mlangoni kabla hujanirudishia. Nikateremka ngazi polepole, nikupe nafasi. Nikakuaga polepole. Nikafika Ng'ambo nikasema labda kesho."

Nikaomba radhi. Akasema radhi amenipa, Mungu ni shahidi. Lakini hakusema kama wanavyosema watu, kuwa yaliyopita si ndwele. Alisema amenipa radhi, akachukua kamba nyengine.

Tuliporudi mjini tukaenda moja kwa moja kwa Mzee Azzan. Alitusikiliza wote wawili akiwa amefumba macho. Akasema atafikiri. Hakututolea kahawa, na katika umri wangu huu ni nyumba ya kwanza nnayotoka bila ya kahawa.

Jumaane, 27

Jawabu la Mzee Azzan limekuja. Visanduku vyote vitatu anavishika Khairiya, na yeye ndiye mkuu. Rawiya akitaka kubaki, atabaki chini ya Khairiya, na atafanya lile tu aliloruhusiwa. Khairiya naye ametoa sharti lake: hapana tena neno moja la watu wawili. Kila mmoja awe na jina lake na neno lake ndani ya kisanduku, ili kikimwandika mtu kimwandike huyo huyo, asibebe mwengine.

Rawiya alisikiliza, akasema ni haki. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile akalilia begani pangu. Sikuthubutu kumpapasa. Nilikaa kama nilivyo mpaka akamaliza.

Muhiddin duka lake liko wazi. Wateja wamepungua. Ijumaa kaleta samaki, Rawiya kasema nipokee, nimepokea.

Jumaapili, 3 Mfunguo Nane

Mvua imekatika siku ya pili leo. Nimeanika magodoro dirishani.

Khairiya kaja. Sikuwa na yakini kama atakuja, nilikuwa nimepika tangu asubuhi kwa ajili ya mtu ambaye pengine hayupo. Kapanda, wakakaa mkekani na Rawiya, mwanzo kama wageni, mmoja anaomba kalamu kwa "tafadhali". Halafu kisanduku cha Kiponda kikawafanyia ukaidi, wakaanza kubishana, na katika kubishana wakasahau kuogopana. Nikawa nachambua mboga pembeni nikisikiliza. Walikuwa wanampa Rawiya jina lake jipya, anaruhusiwa kuangalia hiki, hicho asiguse. Khairiya anamwelekeza, Rawiya anafuata. Uzuri wa sauti zao ulikuwa unaniumiza.

Kisha wakanyamaza.

Nikainua kichwa. Rawiya vidole vyake viko juu ya kompyuta na havibonyezi. Khairiya anatazama mkeka. Wamefika pahala pa neno la siri, na hakuna hata mmoja wao aliyetaka kuwa ndiye wa kuniambia. Heshima tena. Walikuwa wananipa nafasi.

Chumba hiki nimeolewa humu. Nimezaa humu, nimemwosha mume wangu humu. Hakuna mtu aliyewahi kunitoa.

Nikachukua ungo wangu wa mboga, nikainuka kwa shida, nikasema nakwenda kuangalia magodoro. Nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu mpaka nikausikia umefunga. Nikasimama hapo ukumbini. Baada ya kidogo nikasikia vidole vinaanza kubonyeza.